Neno la Hajji Nililolisahihisha

Siku za ujana wangu ninazozikumbuka ni nyingi, mwanangu, na nyingi kati yake ni za kujisifia. Lakini ipo moja ninayoikumbuka hadi viganja vinatoka jasho. Ilikuwa Ijumaa iliyoangukia ndani ya Ramadhani na ndani ya Kwaresima kwa pamoja. Asubuhi hiyo nilisimama mbele ya dini nne nikiwa na karatasi mkononi, na katika karatasi hiyo palikuwa na neno moja lililokaribia kuharibu kazi ya mzee mmoja. Neno hilo nililiweka mimi.

Kwanza umjue anayekunasihi. Mimi ni binti wa polisi. Nilizaliwa Kampala, katika kambi ndogo ya polisi upande wa Naguru, ambayo leo haipo tena. Nilipofika miaka kumi na tisa niliondoka na begi moja kwenda Dar es Salaam. Nikaosha vyombo Kariakoo, nikapiga pasi nguo za watu, na jioni nikasoma. Sikusomeshwa na mjomba wala na padri. Baada ya miaka minane nilirudi nyumbani na diploma ya uhazili, taipureta yangu mwenyewe, na Kiswahili ambacho pale kambini hapakuwa na wa kunifikia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia.

Unajua Kiswahili cha Kampala kilivyo. Watu wanasema "mutu" na "kitabu yangu" na wanaelewana vizuri tu. Mimi nilikuwa siwaachi. Bombani, kwenye foleni ya maji, mtu akisema "maji yangu imemwagika," namrudisha: "Yamemwagika." Wakanibandika jina la Madamu Dipuloma. Nilidhani wananiheshimu.

Nyumbani kwetu imani ziligawana watoto. Baba alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Arua, Mama ni Mkatoliki, Mwacholi. Wavulana walikwenda na Baba, wasichana tukaenda na Mama. Baba alipofariki, kaka zangu wawili waliendelea kuswali na sisi tukaendelea na rozari, na chakula tulikula chungu kimoja. Kwa hiyo usinione mgeni wa mambo haya. Nilikulia ndani yake, na bado nikakosea.

Pale kambini palikuwa na ukumbi mmoja mrefu wa mabati. Ijumaa ulikuwa wa Waislamu. Jumapili asubuhi Wakatoliki, wakitoka wao wanaingia Waprotestanti, na mchana ni zamu ya Walokole, yaani wale waliookoka. Huku kwetu kila kanisa watu huliita dini, ndiyo maana nasema dini nne. Na dini nne ndani ya chumba kimoja hazikosi la kusema. Nta ya mishumaa ya Wakatoliki iliganda sakafuni, mikeka ya Waislamu ikashika nta. Waislamu wakitawadha mlangoni, Waprotestanti wanakuta tope. Waprotestanti nao walifunga mabenchi yao kwa mnyororo kama baiskeli. Ngoma za Walokole hazikujua saa.

Afande mkuu wa kambi alichoka na mashitaka. Akasema hivi, na nilikuwepo: "Nataka karatasi moja. Mpangilio wa ukumbi, sahihi nne. Ifike mezani kwangu Ijumaa kabla ya saa sita. Isipofika, ukumbi unakuwa stoo ya matairi."

Wengine walichukulia kama tishio la afande. Mimi nilimwangalia Mama. Magoti yake yalikuwa yameshamkataa. Kanisa la parokia lilikuwa ng'ambo ya bonde, unashuka kisha unapanda, na kwake hiyo ilikuwa safari ya kwenda tu bila kurudi. Ukumbi ulikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu. Ukifungwa, Mama hatasali tena na watu.

Aliyeibeba kazi ile alikuwa Hajji Zubairi. Sajenti mstaafu, Muganda, mzee mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikakauka kama karatasi. Alikuwa ameanza miezi mitatu kabla ya amri ile, akizunguka nyumba kwa nyumba. Alikaa na Katekista Opio, aliyewasimamia Wakatoliki. Alikaa na Mama Eseza, aliyewasemea Waprotestanti. Alikaa na Mchungaji Wafula wa Walokole, Mkenya aliyekuwa na duka la misumari na rangi kule chini Nakivubo. Aliwasikiliza mmoja mmoja mpaka wakakubaliana karibu yote: nani anafagia, nani anafungua, ngoma zinyamaze saa ngapi. Ilibaki kukutana na kutia sahihi.

Jumanne ya wiki ile alikuja kwangu.

"Andika, Madamu. 'Wapendwa, Ijumaa saa nne asubuhi tukutane kwa holo. Kira dini ije na kalamu yake, tumalize maneno haya.' Basi. Fupi."

"Ni hayo tu, Hajji?"

"Ni hayo. Halafu unisomee nisikie. Macho yangu siku hizi yananitania."

Holo ndiyo ukumbi wenyewe. Sasa nisikilize vizuri. Waganda wengi, ulimi wao hauziachi herufi mbili hizi, L na R, zikae kila moja kwake. "Kila" inatoka "kira". Na karamu, ile ya kula, inatoka "kalamu", sawasawa na kalamu ya kuandikia. Masikio yangu yaliyosoma yakaniambia papo hapo: mzee anamaanisha karamu. Nani huwaandikia watu wazima kuwakumbusha kuja na kalamu? Hajji anataka watu wale pamoja, nikasema moyoni, ila ulimi umemwangusha. Ngoja nimsaidie.

Na sikuishia kusaidia. Nikapamba. Niliandika: "Kila dini ije na karamu yake iliyonona, ili tule na kunywa kwa furaha kama ndugu." Nikaitazama sentensi ile nikatabasamu. Nikatia karatasi za kaboni, nakala nne, bila kosa hata moja la herufi.

"Nisomee," Hajji akasema.

"Hajji, mimi nina diploma. Hii niachie mimi."

Akacheka. "Haya, Madamu Dipuloma." Akachukua karatasi, nikamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, akatia mara nne.

Mwanangu, kaka zangu wawili walikuwa wanafunga katika nyumba ileile nilimochapia barua. Mama alikuwa ameacha nyama tangu Jumatano ya Majivu. Mimi mwenyewe asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai kavu kwa ajili ya Kwaresima. Mfungo ulikuwa umenizunguka pande zote, na sikuuona. Nilikuwa na furaha ya kumkamata mzee kosa.

Alhamisi jioni Mama alirudi kutoka bombani, ndoo imejaa nusu. Hakuitua.

"Hajji ana nini?" akauliza. "Watu wanacheka kule. Wanasema amewaita Wakatoliki wakale nyama Ijumaa ya Kwaresima. Na wenzake Waislamu hawacheki. Wanasema amewaita wale mchana wa Ramadhani."

Nikajishughulisha na kufunika taipureta.

"Barua uliandika wewe?"

"Nilichapa tu, Mama."

Angalia hilo "tu". Mama alitua ndoo, akaketi, akaanza kujikanda goti. "Wasipotia sahihi kesho, nitasali hapa kitandani," akasema. "Mungu atanikuta. Lakini nilipenda kusali na watu."

Ningeweza kutoka wakati ule ule nikaenda kwa Hajji. Nyumba yake ilikuwa karibu. Sikwenda. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, na kwamba huenda kweli alitaka karamu, na kwamba watu wa kambi wanapenda maneno. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kujitetea mbele ya nafsi yake, na zote nilizipitia usiku kucha.

Ijumaa saa nne nilifika ukumbini. Harufu ilinipokea mlangoni. Mchungaji Wafula alikuwa ameleta masufuria mawili ya pilau, amevaa koti la Jumapili, anapanga sahani kwa raha zake. Mama Eseza alikuwa na kikapu cha matoke yaliyofungwa kwenye majani na mchuzi wa karanga, mikono yake inang'aa mafuta. Katekista Opio alisimama kando na barua imekunjwa mara nne. Waislamu wapatao kumi walisimama nje ya mlango, hawakuvuka kizingiti. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, fimbo mapajani.

Hajji akaja peke yake, polepole. Alipofika mlangoni, koplo mmoja wa Kiislamu alimzuia kwa adabu.

"Hajji, sisi tumekuheshimu kama mzazi. Lakini hatuwezi kutia sahihi nyuma ya mtu anayetuita kula mchana wa Ramadhani. Tutachagua mwingine, tutarudi wiki kesho."

Wiki kesho kungekuwa na matairi mle ndani. Kila mtu alilijua hilo.

"Kula?" Hajji akasema. "Nani ameita mutu kula?"

"Ni barua yako," Katekista Opio akajibu kutoka ndani. "Karamu iliyonona, Hajji. Wakati wa Kwaresima. Mimi nimekwenda kwa padri na barua hii sijui niseme ni utani au ni tusi."

Hajji alitazama masufuria, akanitazama mimi. "Madamu, nisomee sasa."

Nikasoma. Sauti yangu, niliyozoea kuisikia ikijaza chumba, ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Nilipofika "tule na kunywa kwa furaha kama ndugu", mtu mmoja nje alitema mate.

Hajji aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu akatoa kalamu, ya wino wa buluu, kifuniko kimeumwaumwa. Akaiinua. "Mimi nilisema kalamu. Hii."

"Aah, Hajji," Opio akasema, na hapo hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu kama kawaida yao. "Kwako wewe hiyo ni kalamu, na pilau ya Mchungaji ni kalamu. Sisi tutajuaje?"

Walokole wakacheka. Koplo hakucheka. "Sasa mzee anageuza maneno," akasema. "Barua ina sahihi yake."

Hajji angeweza kuninyooshea kidole. Hakufanya hivyo. Alisimama tu na kalamu yake hewani, mzee wa miaka sabini, watu wake mwenyewe wakimwona mwongo na mlafi wa mchana wa Ramadhani.

Zaidi ya Hajji, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Ningenyamaza, mambo yangeishia kwamba mzee wa Kiganda hajui Kiswahili, na diploma yangu ingebaki safi. Naomba unielewe, sikuwa na kitu kingine. Sikuwa na mume wala shamba wala jina la ukoo mkubwa. Nilikuwa na ile diploma, na sifa ya kwamba Madamu hakosei. Nikageuka nikamwona Mama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama ukumbi, ukuta mmoja hadi mwingine, kama mtu anayeaga.

"Hajji alisema kalamu," nikasema.

Hawakunisikia. Nikarudia kwa nguvu.

"Alisema kalamu ya kuandikia. Mimi nilidhani ulimi wake umekosea, nikaandika karamu. Hilo la kunona niliongeza mimi. Kula na kunywa niliongeza mimi. Aliniomba nimsomee kabla ya kutia sahihi, nikakataa."

Koplo akanitazama. Alimjua baba yangu vizuri, walikuwa wamefanya kazi pamoja. "Si kaka zako wanafunga?"

"Wanafunga."

"Nyumba moja na wewe?"

"Nyumba moja."

"Na hukuona?"

"Sikuona."

Kisha Mchungaji Wafula akajiachia kwenye benchi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo," akasema, "mimi nimechinja kuku wanane kwa sababu ya herufi moja?"

Akanigeukia.

"Wanane, dada yangu. Hiyo diploma yako ni hatari kuliko mwewe."

Aliyecheka kwanza ni Mama Eseza. Akafuata Opio, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Nilimwona koplo akiangalia chini, akijikaza, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Waliokuwa nje wakauliza kuna nini, wakaelezwa, na kicheko kikapita mlangoni hadi kwao. Walikuwa wananicheka mimi, na sikuwahi kufurahia kuchekwa namna ile.

Waislamu wakavua viatu wakaingia. Hajji akatandaza karatasi ya mpangilio juu ya benchi. "Haya. Kalamu zenu."

Wakatazamana. Opio akapapasa mifuko, akatoa rozari. Mchungaji alikuwa na ufunguo wa duka na kopo la chumvi. Mama Eseza alikuwa na vijiko. Barua yangu ilikuwa imewaambia walete chakula, nao wakatii. Kalamu katika ukumbi mzima ilikuwa moja, ile ya Hajji.

Hajji hakufurahi. "Mimi nilitaka kira mutu na yake," akasema. "Kesho asiseme mutu kwamba aliingizwa kwa nguvu na kalamu ya Waislamu."

Ndipo nilipoelewa. Kumbe ile sentensi niliyoiona ya kijinga ilikuwa ndiyo akili yote ya miezi mitatu. Alikuwa ameshawaza mpaka kwenye kidole cha mtu na wino wake, ili pasiwe na hata mmoja atakayeona ameburutwa.

"Lete hiyo, Hajji," Mama Eseza akasema. "Ukiona doa la mafuta, ujue hapo ni Mprotestanti."

Lakini kabla hajatia, koplo aliinua mkono. "Isomwe kwanza." Na akataka nisome mimi. Nikasoma neno kwa neno, sikuongeza hata mkato. Opio akasema, "Hapo pa mishumaa, soma tena." Nikasoma tena. Mchungaji akataka pa ngoma parudiwe, akakubali. Mama Eseza akatia sahihi, na doa likabaki kweli. Opio akatia. Mchungaji akatia. Hajji akawa wa mwisho.

Saa sita haijafika, karatasi ilikuwa mezani kwa afande. Aliisoma akiwa amesimama, akalikwaruza lile doa kwa kucha, akavuta droo akaiweka. "Sawa," akasema. "Matairi nitayatafutia pengine."

Sikumbuki niliteremkaje zile ngazi za ofisi. Nakumbuka tu kwamba nilimkuta Mama amekaa palepale ukumbini, Waislamu wakitandika mikeka kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na kijana mmoja wao akimwambia, "Mama, kaa tu, tutakuzunguka." Mama akasema hapana, hii ni saa yenu, akainuka kwa fimbo yake. Nilimshika mkono zile hatua arobaini. Alinibana vidole tu. Alisali katika ukumbi ule kila Jumapili mpaka kambi ilipohamishwa, na hakukosa hata siku ya mvua.

Chakula? Waislamu hawakula, na hata jioni wasingekula kuku aliyechinjwa na Mchungaji. Wakatoliki hatukuigusa pilau, nyama Ijumaa haiwezekani. Walokole na Waprotestanti walishiba hadi wakahema, na masufuria yakabaki nusu, yakaenda kwa watoto na kina mama wanaonyonyesha. Opio alilitania kanisa la Mama Eseza mwaka mzima kwamba mfungo wao ni wa pilau.

Mchana huo, baada ya swala, nilikwenda kwa Hajji. Nilipiga magoti mlangoni kama mabinti wa Kiganda wanavyofanya, ingawa mimi si Muganda. Aliniacha hapo kitambo kidogo, kisha akanionyesha mkeka.

"Mwanangu," akasema, "Kiswahili changu ni kibovu. Hilo najua. Kusikia vibaya si kosa, kira mutu anasikia vibaya. Lakini wewe hukuniuliza. Ulinitoa ndani ya maneno yangu, ukaingia wewe ukakaa."

Nikalia. Akaniacha nilie.

"Na watu wa dini tunafanyiana hiyo kira siku," akaendelea. "Mukatoliki anasema lake, Mulokole anamwambia, mimi najua unachotaka kusema. Mukristo anasema lake, mimi Hajji nasema, aah, hao wanaamini hivi. Tunajibu kitu ambacho mwenzetu hakusema. Halafu tunakasirikiana kwa sababu ya maneno yetu wenyewe."

Akanipa maji ya kunawa uso. Yeye hakunywa, ilikuwa bado mchana. Halafu akasema, "Kesho njoo na taipureta. Nina barua ingine." Hilo lilinipa nafuu kuliko msamaha wowote. Mtu akikupa tena kazi uliyoiharibu, amekusamehe bila kulitaja neno lenyewe.

Tangu siku ile, mwanangu, sijachapa barua ya mtu bila kumsomea. Leo nina ofisi yangu Kamwokya, mashine tano, wasichana watatu wameajiriwa, watoto wangu wote wanne wamesoma, na diploma yangu ipo ukutani kwenye fremu ya kioo. Sikuitupa. Niliitolea jasho. Na wateja hunicheka kwamba nawasomea mpaka barua za kuomba likizo.

Mwaka jana vijana wa makanisa na misikiti ya hapa Kamwokya walikuja wakiandika tamko la pamoja kuhusu kuishi kwa amani. Binti mmoja Mlokole, mwerevu sana, alikuwa ameandika kuhusu wenzake: "Wakatoliki, ambao humwabudu Maria." Nikamuuliza, hayo umeyapata wapi? Akasema inajulikana. Nikamwita yule kijana Mkatoliki aliyekuwa nje akiongea na simu. Nikamwambia binti, muulize yeye. Akaona aibu, lakini akauliza. Kijana akafikiri, akasema, "Sisi tunamwomba atuombee. Kuabudu ni kwa Mungu tu." Yule Mwislamu aliyekuwa nao akasema, "Hata mimi nilidhani mnamwabudu." Wakaandika kama alivyosema mwenyewe. Binti alibaki haamini kwamba aliyekwisha kufariki anaweza kumwombea mtu, na kijana alibaki akiamini. Hawakuafikiana. Ila tamko lao lilikuwa la kweli, na waliondoka wakigombania nani alipe soda.

Basi nasaha yangu ni hii, na naisema waziwazi usije ukaipamba. Ukikaa na mtu wa kanisa lingine, au wa dini nyingine kabisa, usimalizie sentensi yake. Usimsahihishe kabla hujamuuliza. Anachoamini akuambie yeye, kwa ulimi wake hata kama umekwaruza, kisha wewe umrudishie kwa sauti: "Umesema hivi. Ndivyo?" Akisema sivyo, anza tena. Akisema ndivyo, hapo sasa unaweza kukubali au kukataa, na hata ukikataa hutakuwa umemdhulumu. Umoja wa Wakristo na amani yetu na Waislamu haviombi uache lako. Vinaomba kwanza umsikie mwenzio akiwa mwenzio, si kivuli chako mwenyewe kilichovaa kanzu au msalaba.

Na ukikosea, maana utakosea, sema mapema. Sema mbele ya walewale waliosikia kosa. Elimu yako haitapungua. Mimi yangu haikupungua, na mimi ndiye niliyekuwa na nyingi.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyekuumba na masikio mawili ayafungue yote. Akulinde na kiburi cha kujua upesi. Akupe kazi ya kufanya pamoja na watu wasiosali kama wewe, na akupe miongoni mwao mmoja atakayekuamini kiasi cha kukuambia usoni, "Hapo hukunielewa." Na siku atakapokuambia hivyo, Mungu akujalie ufurahi. Amina.